Nyumba Iliyobomoka Kabla ya Kujengwa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nina miaka themanini na mitatu. Nimewazika kaka zangu watatu, mke wangu, mwenye ukumbi wa sinema aliyeniajiri, na mwanawe aliyeufunga. Mashine mbili za kuonyeshea filamu nilizozitia mafuta kwa mkono huu zimekufa, mimi nipo. Paa la ukumbi limeanguka, mimi nipo. Hata Kofia, yule mwongozaji wa filamu ambaye kila mtu hapa mjini anajifanya alikuwa rafiki yake, nilimsindikiza kaburini miaka sita iliyopita, nikisimama bila fimbo. Kwa hiyo mtu asiniambie siwezi kuandika daftari.

Daftari nimepewa na mjukuu wangu. Anatengeneza filamu yake ya kwanza, humu humu nyumbani, na kazi yangu ni kuandika kila siku mvua imeanza saa ngapi na imekatika saa ngapi. Anasema ukipiga picha leo mvua inanyesha, kesho ukaendelea jua linawaka, mtazamaji atajua amedanganywa. Nikamwambia shule nilisoma miaka miwili tu, wa tatu nikaona nimeshayajua yote. Akasema, "Babu, andika tu." Basi naandika. Herufi zangu ni kubwa, lakini zinasimama.

Mvua imeanza saa nane mchana, imekatika saa kumi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua saa saba hadi saa kumi na moja. Hakuna jingine.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mvua asubuhi, kidogo, ya kulowesha kofia tu.

Niwataje watu, maana daftari lisilo na watu ni hesabu ya mawingu. Mwongozaji ni mjukuu wangu. Ana miaka ishirini na sita na kichwa kigumu, alikokitoa sijui. Mwigizaji ni mama yake, yaani binti yangu, fundi cherehani, ambaye maisha yake yote hajaigiza kitu ila kuigiza kwamba hajachoka. Mpiga picha ni bwana mmoja mrefu tunayemwita Jicho Moja, kwa sababu lile la pili hulifumba hata akinywa chai. Mimi wananiita Mzee Taa, kwa sababu miaka thelathini na minne mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha taa ya mashine pale ukumbini, juu, kwenye chumba chenye kitundu.

Enzi zangu filamu ilikuja katika mikebe minane ya bati, kila mkebe na mkanda wake, na aliyeibeba alifika anatoka jasho. Siku hizi inakaa kwenye kitu kidogo kama ukucha. Jicho Moja anakitia mfukoni pamoja na ufunguo wa kwake.

Hadithi ya filamu ni hii. Mama mshonaji anamshonea bintiye gauni la harusi. Binti anafariki kabla ya siku yenyewe. Mama analifumua gauni, uzi kwa uzi, kwa kuwa hawezi kulitazama wala hawezi kulitupa. Nilipoambiwa nikasema ni hadithi nzuri, ingawa mimi ningeweka treni.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mvua saa nane hadi saa tisa unusu.

Leo hawakupiga picha. Mjukuu amekaa mezani tangu asubuhi na kompyuta yake, anatazama filamu ya Kofia, ile ya baba na mlango. Anatazama kipande kile kile, anasimamisha, anarudisha nyuma. Ana kibakuli cha maharage pembeni. Picha ikibadilika, anahamisha harage moja.

"Unapika?" nikamuuliza.

"Nahesabu, Babu. Mlango ule ameuonyesha kwa picha kumi na nne. Hakuna uso hata mmoja. Mikono tu."

"Kwa hiyo wewe unachora juu ya mchoro wa mtu."

"Babu, kuongea ulijifunza kwa nani? Si kwa mama yako? Mbona hakukushtaki?"

Binti yangu akacheka mpaka akajichoma sindano. Jibu nilikuwa nalo, lakini chai ilikuwa inapoa.

Ila hapa naandika kweli. Mimi nilikuwa juu kwenye kitundu, na mtu wa juu huona visivyoonwa na wa chini. Niliziona filamu za mwaka huu zimevaa koti la filamu za mwaka juzi. Mwongozaji mmoja anaonyesha kiti kitupu kinatikisika, ujue mtu ameondoka sasa hivi. Miaka miwili haipiti, mwingine, upande mwingine wa dunia, naye ana kiti kinatikisika. Nikawa nasema peke yangu, hawa wote ni wezi, wanaibiana viti. Watazamaji wangu hawakujua. Walijua tu kwamba picha haikatiki na mikanda haichanganyiki, maana katika miaka thelathini na minne mimi sikukosea mkanda hata siku moja. Muulize yeyote mjini.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Mvua ya kutosha, saa sita hadi jioni. Ndiyo waliyokuwa wakiingoja.

Wamepiga picha ya kufumua gauni. Kamera imewekwa chini kabisa, karibu na sakafu, Jicho Moja kalala kifudifudi kama mtu anayetafuta shilingi. Binti yangu kakaa kwenye kigoda na gauni mapajani. Anachukua wembe, anakata uzi mmoja, anavuta. Anakata mwingine, anavuta. Juu mvua inapiga bati. Hakuna anayesema neno. Mkono wa kushoto wa gauni ukaanguka sakafuni, na mimi moshi wa jikoni ukaniingia machoni.

Halafu, bila kupumzika, wakapiga picha za gauni hilo hilo likishonwa. Walikuwa na kitambaa cha pili. Binti yangu anacheka, anapima, anashika pini midomoni.

Nikasema, "Nyie mmechanganya. Si anashona kwanza?"

"Kwenye filamu linafumuliwa kwanza, Babu. Halafu ndiyo tunaona likishonwa. Mtazamaji anaiona furaha yote huku anajua inakokwenda."

"Umeanza na mwisho."

"Nimejifunza kwa Kofia. Kwake baba anaung'oa mlango wa chumba cha mwanawe, halafu ndiyo tunamwona akiupiga randa siku ya kwanza, anapuliza vumbi la mbao. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake. Vitabu vinasema hivyo."

Nikanyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza. Binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mvua.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja mahali pawili. Nimelala vibaya.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mvua usiku kucha, mchana kavu.

Picha zimekwisha kitambo, mjukuu alikuwa anakata na kuunga. Leo filamu imepelekwa kwa kamati ya maonyesho. Ikichaguliwa itaonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wa chuo, mbele ya watu wanaoweza kumpa kazi. Isipochaguliwa, anarudi kupiga picha za vitambulisho. Alinieleza hayo huku anafunga viatu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni. Lakini kamba ya kiatu aliifunga mara tatu.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu. Ni yule aliyeandika kitabu kinene juu ya Kofia. Mwalimu akisema ndiyo, ni ndiyo.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Mvua saa nne hadi saa tisa.

Barua imekuja. Mjukuu aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Filamu wameipenda. Lakini, inasema barua, kipande cha gauni kimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwa marehemu Kofia: kamera chini, mikono bila nyuso, sauti ya mvua, na zaidi ya yote ule mpangilio wa kubomoa kabla ya kujenga, ambao Kofia aliubuni mwenyewe, hakuuchukua kwa mtu. Kanuni za kamati zinataka kazi isiyo ya kunakili. Akitoe kipande kile kabla ya Ijumaa ya tarehe tatu Mei, au filamu iondolewe.

"Kitoe basi," akasema Jicho Moja. Leo macho yote mawili yalikuwa wazi. "Tunabaki na dakika kumi na tisa."

"Dakika kumi na tisa za nini?" mjukuu akasema. "Ndicho kinachoshika pande zote mbili. Nikikitoa, ni gauni lisilo na uzi."

"Ukikataa je?"

"Sijasema nakataa. Nasema sikitoi."

Binti yangu akaendelea kukanyaga cherehani, lakini niliona hana kitambaa chini ya sindano.

Mimi nikasimama nikasema huyo Mwalimu hajui kitu, sinema nimeionyesha mimi kabla mama yake hajaota meno. Mjukuu akanitazama. "Babu, unajua jambo?" Nikasema najua mambo mengi. Akasema, "La kunisaidia?" Nikasema mvua inaingia, nikaenda kufunga dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Mvua kutwa.

Mama Tiketi amekuja. Yeye ndiye aliyekuwa akikata tiketi dirishani pale ukumbini, miaka ile ile yangu. Ana miaka sabini na tisa na ulimi wa miaka ishirini. Anakaa mtaa wa pili, na miaka hamsini na ushei namkwepa. Alikuwa amepata habari kwa binti yangu, anayemshonea.

Akakaa, akakung'uta mwavuli kwenye mguu wangu. "Mzee Taa, nasikia mjukuu wako anaitwa mwizi."

"Watu husema."

"Na wewe unaketi hapa unaandika mvua."

"Ndiyo kazi niliyopewa."

Akasogea. "Yule mwashi. Ndevu zake ziliingia ndani kama kichwa cha kobe. Unakumbuka, au nikukumbushe mbele ya watu?"

Nikamwambia ashushe sauti, watu wapo jikoni.

"Nimeishusha miaka hamsini na minane," akasema. "Mficha uchi hazai, bwana. Mimi chai sitaki." Akaondoka. Chai yake alikuwa ameshaimaliza.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Mvua sijaiangalia.

Naandika jambo hili mara moja tu, na sitalirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Ilikuja filamu ya ng'ambo, ya mwashi. Lugha yake hakuna aliyeijua mjini, watu walifuata kwa macho. Mwashi anajenga nyumba, jiwe kwa jiwe, kwa ajili ya mchumba wake. Mafuriko yanakuja, yanaichukua. Mwashi anabaki na ndevu ndefu na mikono mitupu, halafu mwishoni anaanza upya. Nyumba inajengwa kwenye mkanda wa tatu. Maji yanakuja kwenye mkanda wa nne. Hivyo ndivyo alivyoipanga mwongozaji wake.

Mikebe mingine yote niliyowahi kupokea ilikuwa na tarakimu, na tarakimu nazisoma vizuri. Hii ilikuwa imeandikwa namba kwa maneno, kwa lugha ile. Na mwanzo wa mikanda, ambako huwa kuna alama, ulikuwa umekatwakatwa na waonyeshaji wa miji iliyotangulia. Mwenye ukumbi akaniuliza, "Hayo maandishi unayasoma?" Nikamwambia, "Kama maji." Ningeweza kumwuliza mtu wa posta, alikuwa hatua hamsini, alikuwa akizijua lugha za barua. Sikumwuliza. Nikaipanga mikebe kwa kubahatisha, nikitazama ipi ina kutu zaidi.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Nikauweka wa nne, ndipo nikauweka wa tatu. Watu wakaona maji yanaichukua nyumba, mwashi mwenye ndevu kakaa juu ya matope. Halafu ghafla mwashi hana ndevu, kijana, anacheka, anaweka jiwe la kwanza. Nikajua papo hapo. Nikangoja kelele, watu wapige miguu sakafuni kama wanavyofanya picha ikikatika.

Hawakupiga miguu. Ukumbi mzima ukanyamaza. Kila jiwe aliloweka, watu walikuwa wanajua. Alipobeba mlango mgongoni akiimba, kina mama wakaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, na nimeonyesha filamu za vita.

Mwenye ukumbi akapanda ngazi mbio. Nikajua kazi imekwisha. Akasema, "Kesho vile vile, usibadilishe kitu." Na mimi sikusema, "Bwana, nimekosea." Nilisema, "Mimi sibadilishi." Tukaionyesha hivyo siku kumi na tisa. Aliyegundua ni Mama Tiketi peke yake, kwa ajili ya zile ndevu.

Na Kofia. Wakati huo alikuwa hajaitwa Kofia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, anatupakia rangi mabango ya ukumbi. Aliitazama siku zote kumi na tisa, mstari wa tatu, rangi mikononi. Siku ya mwisho akapanda juu akaniuliza, "Kaka, aliyeipanga filamu hii hivi ni nani?" Nikamtajia jina la mwongozaji wa ng'ambo lililokuwa kwenye mkebe, kadiri nilivyoweza kulitamka. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja. Akaenda nalo. Akaja kuwa mtu mkubwa kwa jambo lile, na kila alipopigiwa makofi mimi nilikuwa nakohoa.

Ndiyo hivyo. Mjukuu wangu ameiga kwa Kofia. Kofia aliiga kwa mwashi. Na mwashi yule nilimvuruga mimi, kwa kiburi cha kutosema sijui kusoma.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Mvua saa mbili hadi saa saba.

Kulisema kwa mdomo nimeshindwa. Nimempa mjukuu daftari, nikamwambia asome ya jana. Alisoma mlangoni. Nilidhani atanung'unika. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka.

"Miaka yote hii, Babu. Ulinisikia nikimsifu Kofia tangu niko shule."

"Hukuniuliza."

"Sasa nakuuliza. Utakwenda kumwambia Mwalimu?"

Nikavaa viatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nimefika ofisi ya kamati saa nne. Dada wa mapokezi akaniambia Mwalimu yuko kikaoni. Nikakaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Nimerudi nimelowa.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Mvua. Nimekwenda. Mwalimu yuko kikaoni.

"Babu, umekuja tena?" dada akasema.

"Sijaja tena. Ijumaa nilikuwa bado sijafika."

Akanipa kiti chenye mto.

Jumanne, tarehe 30 Aprili

Mvua kubwa, mtaro wa mbele ya ofisi umefurika.

Mwalimu ametoka saa saba, miwani minene, karatasi kwapani. Akaniamkia vizuri. Nikaanza kumweleza kwamba Kofia alijifunza kwangu. Sikufika mbali. Akanishika bega kwa upole.

"Mzee wangu, nimeandika juu ya Kofia miaka kumi na miwili. Wazee walioniambia wao ndio waliomfundisha ni kumi na mmoja. Kuna aliyesema alimfundisha kuvaa ile kofia. Nawaheshimu wote. Kanuni ni kanuni."

Akaenda. Mimi ni wa kumi na mbili. Njiani nimefikiri sana. Kumbe sifa zangu zote za miaka hii ndizo zilizosimama mlangoni zikanizuia. Nimekwenda kwa Mama Tiketi. Nilibisha hodi mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Mvua saa tatu hadi saa tano, halafu jua, halafu mvua tena.

Jana ofisi ilikuwa imefungwa. Leo tumekwenda watatu: mimi, Mama Tiketi na mjukuu, chini ya mwavuli mmoja, maana wa Mama Tiketi tu ndio uliokuwa mzima. Bega langu la kushoto halikuwa na haki yoyote chini yake. Dada wa mapokezi alipotuona akainuka akaenda mwenyewe kumwita Mwalimu.

Mwalimu akatuketisha ofisini. Kwenye rafu kitabu chake kilikuwa na nakala nane.

"Sikuja kusema nilimfundisha Kofia," nikasema. "Nimekuja kusema nilikosea."

Akaweka kalamu chini. Nadhani wale kumi na mmoja hawakuanza hivyo.

Nikamweleza mikebe, maneno, kutu, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Filamu ya mwashi ninayo, mzee. Nimeitazama mara nyingi. Nyumba inajengwa kwanza. Niliandika kwamba Kofia aliigeuza, na huko kugeuza ndiko ubunifu wake."

"Hakugeuza. Niligeuza mimi. Wewe umeiona ya kwenye mikebe iliyopangwa sawa. Yeye aliiona ya kwangu."

"Nani mwingine aliiona hivyo?"

"Mimi," akasema Mama Tiketi. "Nikishafunga dirisha nilikuwa nasimama mlangoni natazama. Mtu ana ndevu mpaka kifuani, mara hana, mwishoni anazo tena. Nikamwuliza huyu, jamani, kinyozi kaingia saa ngapi? Akaninunia tangu siku hiyo. Miaka hamsini na minane hanisalimii vizuri kwa ajili ya ndevu za mtu wa ng'ambo."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amenyanyuka, amechukua kitabu chake, anafungua kurasa haraka haraka. Akapata alichokitafuta, akasimama hivyo hivyo akisoma kimya. Kisha akatusomea. Lilikuwa jibu la Kofia mwenyewe, alipoulizwa uzeeni uongozaji wake ulianzia wapi. Alisema: mimi nilizaliwa siku maji yalipoichukua nyumba kabla haijajengwa.

"Nilidhani anasema mafuriko ya utotoni," Mwalimu akasema. "Nilitafuta mafuriko hayo kwenye magazeti ya zamani. Sikuyapata, nikasema basi ni fumbo. Nimeyaandikia kurasa kumi na mbili." Akavua miwani. "Alijua. Baadaye, alipokwenda kusoma filamu, lazima aliiona ilivyo, akajua. Na hakusema."

Sikuwa nimelijua hilo. Angeweza kunitaja, watu wakanicheka mji mzima. Alininyamazia.

Mjukuu ndiye aliyesema, taratibu, "Mwalimu, kama mimi ni mwizi, na Kofia ni mwizi. Yule wa ng'ambo naye sijui aliutoa wapi ule mlango wa mgongoni. Mimi sikumficha Kofia, nimemwandika kwenye fomu ukurasa wa kwanza. Nilihesabu picha zake kwa maharage. Lakini gauni ni la mama yangu, na mikono ni yake."

Mwalimu akakiweka kitabu mezani, kurasa zile wazi. Nilikuwa nimemwona mtu mwenye majivuno. Leo nimemwona mtu anayekubali mbele ya wageni kwamba kitabu chake kina kurasa kumi na mbili za maji yasiyokuwepo, na si kila mtu anaweza. Mimi ilinichukua miaka hamsini na minane, na mimi nina kurasa chache kuliko zake.

"Kipande kibaki," akasema. "Kamati nitaieleza. Lakini mwishoni mwa filamu andikeni kilikotoka. Chote."

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Mvua haikunyesha.

Tumegombana. Mjukuu ameandika mwishoni jina la mwongozaji wa ng'ambo, halafu Kofia, halafu: kwa shukrani kwa Babu, mwalimu wa kwanza. Nikamwambia afute.

"Babu, si umependa sifa siku zote?"

"Nazipenda bado. Lakini hii si yangu. Anayeitwa mwalimu ni mtu aliyekuwa anajua anachofanya. Andika: aliyekosea mikanda, Mzee Taa."

"Watu watacheka."

"Watacheka na wataliona jina."

Binti yangu akasema tangu azaliwe hajawahi kumwona mtu akigombania aibu. Jicho Moja akauliza kama namba za mikanda tutaziandika kwa tarakimu au kwa maneno. Nimemwambia hata kufumba jicho hajui vizuri. Ilipofika adhuhuri mjukuu akashindwa. Imeandikwa nilivyotaka, na imepelekwa saa tisa, kabla ofisi haijafungwa.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Jua. Mvua ya mwisho ilikuwa Jumanne, nusu saa, naona msimu umekwisha.

Filamu imeonyeshwa leo saa kumi alasiri. Ukumbi wa chuo una viti laini mno, mtu anaweza kufia humo asijulikane. Binti yangu alikaa karibu na mjukuu, mikono imefungwa ndani ya mtandio. Mimi nilikaa na Mama Tiketi.

Lilipofumuliwa gauni, watu walikuwa watulivu tu, wanaangalia. Uzi unakatwa, unavutwa. Halafu likaanza kushonwa, binti yangu anacheka na pini midomoni, na hapo nikausikia ukumbi unabadilika. Sikuitazama picha tena, niliwatazama watu. Bwana mmoja mstari wa mbele aliinama akashika paji la uso. Msichana wa pembeni alikuwa anafuta machozi kwa kiganja bila kujua anafuta. Nilikuwa nimeshawahi kukaa juu nikasikia kimya hicho na kuogopa. Leo nilikuwa chini, sikuogopa kitu.

Majina yalipopita, kwenye langu watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Nilisimama. Mama Tiketi akanivuta koti nikae. Sikukaa.

Mwalimu alipanda jukwaani akaeleza habari ya mikebe mbele ya wote, hakupunguza. Mjukuu ameitwa Jumatatu kuzungumza juu ya filamu ya pili. Ananiambia daftari hili halihitaji tena mvua, nifunge.

Nafunga. Asiyeamini niliyoandika humu amwulize Mama Tiketi, ambaye hanipendi vya kutosha hata anitungie uongo. Amwulize Mwalimu, anayeandika upya kurasa kumi na mbili. Amwulize binti yangu, aliyeniona nikinyamaza, na yule dada wa mapokezi, aliyenipa kiti chenye mto. Mimi asiniulize. Nikipewa muda kidogo nitaanza kusema nilifanya makusudi.